Opereta za kimantiki na za biti (Java)

Alama zinazounganisha masharti au kushughulikia biti za namba kamili katika Java, lugha ya programu iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995. Tuseme programu ya mizani ya viazi Mbeya au Iringa inasaka lumbesa, yaani magunia yanayozidi kilo 100: `magunia != 0 && kilo / magunia > 100`. Magunia yakiwa sifuri, `&&` huishia kushoto, haigusi upande wa pili. Ukiweka `&` moja, pande zote hukokotolewa, na kugawa namba kamili kwa sifuri huangusha programu; wanaoanza hunaswa sana hapa. Kwenye namba, `&` hulinganisha biti moja moja: 12 (1100) na 10 (1010) hutoa 8 (1000). Kwa namba hizo hizo, `|` hutoa 14, `^` hutoa 6. `~` hugeuza biti zote: `~12` ni -13.