Jani Lisilo na Mwenyewe: Nembo za Mazingira na Ukijani wa Kupaka

Msimu uliopita wa maembe, muuzaji mmoja wa Kariakoo alinitilia maembe yangu kwenye mfuko mbadala wa kijani, wenye picha ya jani na maneno "Rafiki wa Mazingira". Nikamwambia kwamba mfuko ule ni plastiki. Akacheka. "Plastiki gani, baba? Si umeandikwa hapo?" Nilipofika nyumbani nilikata kipande cha mshikio, nikakiwashia kiberiti. Pamba ingeungua ikaacha majivu. Kipande kile kilijikunja, kikayeyuka na kudondosha matone meusi yaliyogandia kwenye kisahani, na harufu ya ndoo iliyoungua ikakaa jikoni hadi jioni. Yule muuzaji hakunidanganya. Alisoma nembo akaiamini, na nembo huwekwa ili iaminiwe.

Mfuko huo ni wa polipropilini: nyuzi za plastiki zilizoshikamanishwa kwa joto bila kufumwa, ndiyo maana ukiushika unadhani ni nguo. Ulienea Tanzania Bara baada ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kupigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Serikali iliuruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili uweze kutumika mara nyingi. Kenya, iliyotangulia na marufuku yake Agosti 2017, iliuona kwa jicho jingine. Machi 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuuzuia kwa sababu mingi iliyokuwa sokoni ilikuwa hafifu na ikitupwa haraka kama ile iliyokatazwa. Mfuko wa aina moja, basi, ulikuwa mtuhumiwa upande mmoja wa mpaka wa Namanga na rafiki upande wa pili.

Mijadala ya ukijani wa kupaka, yaani tabia ya kampuni kujivika sifa za kutunza mazingira zisizolingana na matendo yake, huanza na swali la kama dai ni la kweli au la uongo. Naona swali hilo linakuja mapema mno. La kutangulia ni hili: likiwa la uongo, nani atapoteza nini? Nembo ambayo hakuna mtu anayeweza kunyang'anywa ni pambo tu, hata kama siku hiyo imesema kweli.

Lugha yetu nayo inasaidia kuficha. "Rafiki wa mazingira" ni usemi wa kutafsiriwa, na katika kutafsiriwa umepata joto ambalo haukustahili. Kwa Mswahili, urafiki ni jambo la watu wawili wanaoweza kugombana, na mmoja anaweza kumkana mwenzake. Mazingira hayana kinywa cha kukana. Halafu kuna kauli ya kutendwa: "imethibitishwa", "umehakikiwa", "yamepimwa". Kiswahili kinaruhusu sentensi hizo zisimame bila "na fulani", na wachapaji wa lebo wanaijua ruhusa hiyo vizuri kuliko walimu wa sarufi. Mwanafunzi akiandika "imethibitishwa" bila kutaja mthibitishaji, tunamrudishia karatasi. Kampuni ikiandika hivyo kwenye chupa ya sabuni, tunanunua.

Ujanja huu una historia. Dhana ya ukijani wa kupaka huhusishwa na Jay Westerveld, Mmarekani aliyeandika mwaka 1986 juu ya hoteli zilizowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja kwa ajili ya mazingira, wakati faida iliyokuwa wazi ni kupunguza gharama ya kufua. Kadi ya aina hiyo nimeikuta bafuni kwenye hoteli moja ya pwani yetu, huku pampu ikinguruma nje kujaza bwawa la kuogelea. Kadi ilisema kweli kuhusu taulo. Kuhusu bwawa ilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikolipiwa gharama ya uchapaji.

Wataalamu wa viwango wamejaribu kutenganisha pumba na mchele. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, linagawa madai ya mazingira katika makundi matatu makuu. La kwanza (ISO 14024) ni nembo zinazotolewa na mtu wa tatu baada ya kupima bidhaa kwa vigezo vilivyotangazwa; mfano wake wa zamani ni Blauer Engel ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1978. La pili (ISO 14021) ni madai ambayo mzalishaji anajitolea mwenyewe. La tatu (ISO 14025) ni taarifa za takwimu, ambazo mnunuzi wa kawaida hazisomi. Jani la mfuko wangu liko kundi la pili, ila limevaa kanzu ya kundi la kwanza. Kwa mbali huwezi kuyatofautisha, na soko lote linafanya kazi kwa mbali.

Tatizo si la Kariakoo peke yake. Uchunguzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2020 ulipitia madai 150 na kukuta zaidi ya nusu, asilimia 53, yana utata, yanapotosha au hayana msingi. Jibu la Umoja wa Ulaya ni Agizo 2024/825, linaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026. Linakataza maneno ya jumla ya kujisifu kimazingira yasiyo na ushahidi, na linakataza nembo za uendelevu zisizotoka kwenye mfumo wa uthibitisho au mamlaka ya umma. Kwetu hili lina tokeo la ajabu. Msafirishaji wa kahawa au parachichi atalazimika kuthibitisha kila neno kwenye pakiti inayokwenda Hamburg, lakini kwenye pakiti anayouza Moshi anaweza kuandika litakalomjia.

Wapo watakaosema sheria tunayo. Ni kweli: Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya ina katazo kama hilo katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Kinachokosekana ni kipimo. Hakimu atapimaje kama mfuko ni "rafiki"? Usemi umeteuliwa kwa sababu haupimiki. Ndiyo maana naliona katazo la maneno ya jumla kuwa na faida kuliko faini kubwa: linamlazimisha mzalishaji aseme jambo linaloweza kukutwa si kweli.

Na tusidhani mfano mzuri lazima utoke Ulaya. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha kilimo hai, na Mei mwaka huo nembo ya Kilimohai ikazinduliwa Dar es Salaam. Jina lenyewe ni la Kiswahili. Mkulima anaweza kuipata kupitia kampuni ya ukaguzi, au kupitia mfumo shirikishi wa udhamini, ambamo wakulima wa kikundi hukaguana wenyewe. Niliwahi kufuatana na ukaguzi wa namna hiyo milimani Uluguru. Mkaguzi alikuwa mama wa shamba la jirani. Hakuanza na daftari. Alizunguka nyuma ya banda la kuku kutafuta chupa za dawa, kisha akaliinua bomba la kupulizia na kulinusa mdomoni. "Hili la nini?" Mwenyeji akaeleza kuwa ni la maji ya mwarobaini. Mama akalinusa tena, kisha ndipo akafungua daftari.

Majirani wanaweza kufichiana, na masoko ya nje mara nyingi hayautambui udhamini wa namna hii. Sizikatai kasoro hizo. Lakini mfumo unajibu swali langu: mwenye bomba linalonuka anafukuzwa kikundini, na wenzake wanaingia hatarini kuipoteza nembo pamoja naye. Kinachouma ni ulinganisho. Mkulima ambaye hajawahi kupulizia kitu analipia neno "hai" kwa mikutano, kumbukumbu za msimu mzima na jirani wa kumnusia vyombo. Kiwanda cha mifuko kinalipia jani lake kwa wino.

Masharti ya mifuko mbadala yalitaka mfuko uoneshe anuani ya mzalishaji na uzito unaoweza kubeba. Niliugeuza wangu nje ndani, nikaukagua kwenye mishono na chini kabisa, penye mkunjo. Uzito umeandikwa: kilo 5. Jani limechapwa pande zote mbili. Jina la mtu wa kuulizwa sikulikuta.