Kahawa ya Kilimanjaro ilivyomtafuta mnywaji wake

Mchagga wa kihambani amelima kahawa vizazi kadhaa huku mwenyewe akinywa chai, na kwenye sherehe mbege. Zao ni la watu wa mbali. Wanachokipenda watu hao, kwa muda mrefu alikisikia kwa wengine, au hakukisikia kabisa.

Mibuni ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama cha kupambana na wadudu waharibifu na kuuza kwa pamoja. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti kikafunguliwa Lyamungo.

Utafiti wa soko mjini Moshi, hata hivyo, hufanyika kwenye vikombe. Kabla ya mnada, sampuli hukaangwa, husagwa na kumiminiwa maji ya moto. Mwonjaji huchota kwa kijiko, hufyonza kwa kelele ambayo nyumbani ungekemewa, hutema, kisha huandika: uchachu, uzito, kasoro. Kahawa iliyovundikwa kupita muda wake hujulikana hapohapo. Kosa hilo limefanyika kwenye ndoo nyuma ya nyumba huko Kibosho au Marangu, na ndiko taarifa ingepaswa kurudi.

Mara nyingi haikurudi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirejeshwa mwaka 1984. Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua vijijini. Walilipa taslimu papo hapo, na mkulima aliyechoshwa na malipo ya kusuasua alikuwa na kila haki ya kufurahi. Lakini mizani yao ilijua kilo tu. Aliyechuma nyekundu tupu na aliyechanganya na mbichi walipata bei ileile, na ubora ukashuka. Nani angejisumbua?

Kule Japani, jina la mlima lilikuwa limekwisha kuwa mali. Huko, arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata kama imevunwa Mbinga au Mbeya, na mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa hiyo unaruhusiwa kubeba jina hilo. Waliojua mnywaji anavutiwa na nini walikuwa wauzaji wa Tokyo, si wenye mlima.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2001. Kilicafe, umoja wa vikundi vya wakulima, ulianza kutafuta wanunuzi wa kahawa ya hali ya juu na kuwaambia wanachama wake wanunuzi hao wanataka nini. Jibu likawa mitambo ya pamoja ya kumenya na kuosha kahawa, badala ya kila kaya na ndoo yake. Mwaka huohuo TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, ilianza kazi Lyamungo, na kuanzia mwaka 2005 imetoa miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ladha nayo ilipimwa wakati wa kuichagua, na hapo watafiti walifanya la maana: mche usiougua lakini wenye kikombe kibaya ungemwacha mkulima na magunia yasiyo na bei.

Viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya msingi, bandikeni matokeo ya kuonja kwenye ubao wa ofisi, kando ya bei. Yaandikwe kwa Kiswahili, na yafike kabla ya msimu mwingine kuanza.