Gogo Yuko Ukurasa Gani?

Mwaka jana chama kimoja cha wakulima wa maziwa hapa Kedowa kilinipa kazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilinishinda, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika na vya kompyuta. Kazi yenyewe ilisikika ndogo: toa wanachama kwenye madaftari, watie kwenye jedwali ambalo karani atalifungua kwa simu. Ligawe kurasa, lipangike, litafutike. Nikasema wiki mbili.

Nilipopanga majina kwa alfabeti, kurasa za mwanzo zikajaa Chebet, Chepkemoi na Cherono. Mbele zaidi, Kip juu ya Kip: Kipkoech, Kipngeno, Kiprono. Andika "kip" kwenye kisanduku cha kutafuta, unaletewa nusu ya kijiji. Na mzee aliyeandikwa arap Koech akae kwenye A ama K? Mbaya zaidi, watu wawili wa jina moja walibadilishana nafasi kila ukigeuza ukurasa. Mmoja akatokea mara mbili, mwingine akapotea kabisa. Dawa yake ni kupanga kwa jina, kisha kwa nambari ya mwanachama. Nambari haifanani na ya mtu mwingine.

Hapo nikajiuliza: kabla ya kompyuta, aliyetaka kumpata mtu mmoja kati ya maelfu alifanyaje?

Jibu tulining'inizwa shingoni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande, karatasi ndani ya mkebe wa chuma. Humo mlikuwa na nambari, jina, kabila, alama ya kidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa. Bila sahihi ya mwajiri kwamba amekuachilia, kazi kwingine husahau. Ukitoroka, unaripotiwa, na rekodi za Nairobi zinakufuata. Makampuni ya chai yalipoanza kulima Kericho miaka ya 1920, vibarua waliingia mashambani wakiwa na mkebe huo.

Lile lilikuwa jedwali. Kila mtu mstari wake, kila swali safu yake.

Lakini kidole hakina alfabeti, sasa utakipangaje? Fumbo hilo lilifumbuliwa Bengal, India, mwishoni mwa karne ya 19. Mfumo unaitwa wa Edward Henry, mkuu wa polisi, ila hesabu zake zilifanywa na Azizul Haque, akisaidiana na Hem Chandra Bose. Vidole kumi viligawanywa jozi tano, kila jozi ikapewa thamani: 16, 8, 4, 2, 1. Thamani ilihesabiwa tu pale michirizi ya kidole ilipozunguka. Zikapatikana sehemu 1,024, yaani 32 mara 32. Karani hakupekua kadi zote. Alienda moja kwa moja kwenye fungu moja. Scotland Yard waliuchukua mwaka 1901. Yeyote aliyewahi kuandika programu akiona 16, 8, 4, 2, 1 atacheka: hiyo ni hesabu ya kompyuta kabla ya kompyuta.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ikae kwenye majedwali, nawe useme unataka nini bila kujua imehifadhiwa wapi. Mwaka 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuuliza maswali hayo, ambayo leo ni SQL. Jedwali langu la maziwa linasimama juu yake.

Nilipomaliza, nikamwonyesha gogo. Yeye ndiye hukamua alfajiri na kubeba mtungi hadi kituoni, miaka nenda miaka rudi. Nikaandika jina lake. Simu ikajibu: "Hakuna matokeo." Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe.

"Kwa hivyo mimi siko?" akauliza.

Daftarini kulikuwa na babu, aliyefariki. Kumbe si jambo geni. Kipande kilikuwa cha wanaume. Sheria mpya ya 1947 ilihusu watu wa rangi zote, lakini bado wanaume tu. Wanawake waliingizwa kwenye sheria ya vitambulisho mwaka 1978. Aliyechora safu hakuwahi kuwauliza.

Nikaongeza safu: anayeleta maziwa. Kamati ilibishana mikutano miwili. Mzee mmoja akasema naleta fitina kwenye boma za watu. Mwishowe wakakubali kisanduku kitafute safu zote mbili, na kila mtu aweze kufungua mstari wake mwenyewe kwa simu. Hilo nililishikilia sana, maana mwenye kipande alitafutwa tu, hakuwahi kutafuta.

Malipo bado yanaingia kwa jina la babu. Hilo linangoja mkutano mkuu. Ila gogo sasa yuko, ukurasa wa tatu, na kila jioni ananiambia nifungue tuhesabu lita zake.