Daniel Boone na Jamaa Yake

Vita vya Uhuru vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1775, husimuliwa mara nyingi kwa majina ya majemadari. Lakini mbali na pwani, ng'ambo ya milima ya Appalachia, vita hivyo vilipiganwa na wakulima na wawindaji waliokuwa askari wa mgambo, na uwanja wa vita ulikuwa mlangoni pa nyumba zao. Mmoja wao alikuwa Daniel Boone.

Boone alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734. Mwaka 1756 alimwoa Rebecca Bryan, wakajaliwa watoto kumi. Mume alizoea kutokomea mwituni miezi mingi akiwinda. Mzigo wa shamba na malezi ukawa juu ya mke. Mwaka 1773 Boone aliazimu kuhamia Kentucky, nchi ya mawindo ambayo Washawnee na Wacherokee waliihesabu kuwa yao. Njiani mwanawe wa kwanza, James, kijana wa miaka 16, aliuawa, na msafara ukarudi. Hata hivyo, mwaka 1775 Boone alifyeka njia kupita milimani, akajenga boma lililoitwa Boonesborough.

Yafaa tukumbuke kwamba mtu huyu, ambaye wenzake walimsifu kuwa mfungua njia, machoni pa wenyeji alikuwa mvamizi. Waingereza walitumia uchungu huo kuwapata wenyeji wawe upande wao. Mwezi wa Julai 1776 bintiye Jemima, mwenye miaka 13, alitekwa pamoja na wasichana wawili; Boone na wenzake walifuata nyayo zao, wakawaokoa siku ya tatu.

Februari 1778 ikawa zamu ya Boone mwenyewe. Alitekwa na Washawnee, akawashawishi watu wake waliokuwa wakipika chumvi wajisalimishe, kwa kuwa boma halikuwa tayari kwa vita. Chifu Blackfish alimpenda, akamfanya mwanawe. Mwezi wa Juni Boone alisikia kwamba boma litashambuliwa. Akatoroka, akakimbia siku nne. Alipofika, nyumba ilikuwa tupu. Rebecca, akijidhani mjane, alikuwa amekwisha kurudi North Carolina na watoto. Jemima peke yake ndiye aliyemngoja.

Septemba boma lilizingirwa siku kadhaa, lisitekwe. Lakini Boone hakupewa shukrani: alishtakiwa mbele ya baraza la kijeshi kwamba aliwauza watu wake. Aliachiliwa, tena akapandishwa cheo.

Pigo kubwa lilikuja baada ya jeshi la Waingereza kushindwa Yorktown mwaka 1781. Tarehe 19 Agosti 1782, huko Blue Licks, Boone alionya kwamba adui ameotea. Wenye pupa walivuka mto, naye akavuka nao. Watu wapatao 70 walikufa, na miongoni mwao mwanawe Israel.

Na ardhi je? Hati zake zilikuwa na kasoro, na mahakamani akashindwa na wenye hati bora. Mwaka 1799 alihamia Missouri, iliyokuwa ya Uhispania. Rebecca alifariki huko mwaka 1813, naye Boone mwaka 1820. Mwaka 1845 watu wa Kentucky walifukua mifupa waliyoamini kuwa ya wawili hao, wakaizika kwa heshima katika nchi ile ambayo Boone alipoihama, karibu ardhi yote aliyoidai ilikuwa imekwisha kumponyoka.