Nyepesi au Yenye Nguvu: Historia Fupi ya Laptopu, Kutoka Osborne Hadi Kakuma

Kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma kinabishana tangu mwaka uanze. Hela tuliyochanga inunue laptopu moja kali, ya kuhariri video na kutengeneza katuni, ama inunue nne nyepesi za bei nafuu? Wengine wanasema hayo ni mambo ya duka, historia inaingia wapi? Mimi naona inaingia sana. Swali hili lina zaidi ya miaka 40. Limeulizwa na matajiri, wanajeshi, wahandisi na mawaziri wa elimu kabla halijatufikia sisi. Wengine walijibu vizuri, wengine walipoteza pesa nyingi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hatujafungua pochi tuangalie kwanza waliotutangulia.

Kompyuta ya kubebeka iliyoanza kupata soko kubwa iliitwa Osborne 1. Ilionyeshwa Aprili 1981 huko California. Mwenyewe alikuwa Adam Osborne, aliyezaliwa Bangkok mwaka 1939 na kukulia India. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baba yake alizuiliwa na Wajapani kule Thailand, huku mama na watoto wakiishi India. Sitamwita mkimbizi kama sisi, lakini familia kugawanywa na vita alijua ni nini.

Mashine yake ilikuwa na kilo 11 hivi. Jaza maji jerikeni ya lita 10, ongeza kidogo, halafu ibebe: huo ndio "wepesi" wa 1981. Kioo kilikuwa inchi 5, kidogo kuliko cha simu nyingi tunazoshika leo. Haikuja na betri. Unaifunga kama sanduku, unaibeba, ukifika unatafuta umeme. Bei yake ilikuwa dola 1,795, na ndani ya bei hiyo ulipewa programu ya kuandika na ya mahesabu, ambazo kwa wakati ule zilikuwa ghali zenyewe. Osborne aliamini kwamba kinachotosha kinatosha, mengine ni mapambo. Watu walimwelewa, na kuna wakati aliuza mashine kama 10,000 kwa mwezi.

Lakini Septemba 1983 kampuni yake ilifilisika. Wapinzani walileta mashine zenye kioo kikubwa zaidi. Yeye naye alitangaza toleo jipya kabla halijafika dukani, basi wateja wakaacha kununua la zamani. Tuchukue somo la kwanza hapo: "kinachotosha" hakikai mahali pamoja. Kilichotosha mwaka jana, mwaka huu mtu anakilalamikia.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa GRiD Compass, iliyotoka 1982. Hiyo ilikuwa mashine ya wakubwa. Bei dola 8,150, yaani zaidi ya mara nne ya Osborne. Mwili wake ulikuwa wa magnesi, uzito karibu kilo 5, na ilikunjwa kama kitabu. Umbo hilo lilichorwa na Mwingereza Bill Moggridge, na mpaka leo laptopu zinafunguka hivyo hivyo. Jeshi la Marekani liliinunua, na NASA ikairusha na vyombo vyake vya anga za juu kuanzia 1983.

Sasa angalia jambo moja. Hata hiyo ya dola 8,150 haikuwa na betri ndani. Ya nafuu ilitafuta soketi, na ya kifahari ilitafuta soketi. Watu walishindana kuhusu bei na nguvu, kumbe umeme ndio uliowafunga wote pamoja. Ilipofika 1985, Toshiba wa Japani walitoa T1100, yenye kilo 4 hivi na betri ya kuchaji. Hapo ndipo mtu wa kawaida alianza kufanya kazi mahali pasipo na waya ukutani. Haikuwa kompyuta yenye nguvu kuliko zote za mwaka ule, lakini ilikufuata ulikokwenda.

Turuke miaka 20. Mwaka 2005 profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa kumpa kila mtoto wa nchi maskini laptopu ya dola 100. Novemba mwaka huo aliionyesha Tunis, mbele ya Kofi Annan. Ilikuwa ya kijani, na pembeni ina mkono wa kuzungusha ili ijichaji bila umeme. Dunia ilipiga makofi. Mashine zilipoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2007, mkono ule haukuwepo tena, na bei ilikuwa karibu dola 200.

Tusiidharau. Kioo chake kilisomeka juani, jambo ambalo laptopu nyingi ghali za leo zinashindwa. Ilitumia umeme kidogo sana na ilivumilia vumbi. Majirani zetu wa Rwanda walichukua zaidi ya 200,000 kwa ajili ya shule zao. Lakini Peru, nchi iliyonunua nyingi kuliko zote, ilifanyiwa utafiti na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika. Ripoti ilitoka 2012. Watafiti walilinganisha shule 319 za vijijini, wakakuta kwamba baada ya miezi 15 watoto waliopata laptopu hawakuwa wamepanda katika hesabu wala lugha kuliko wale wasiopata. Laptopu zilifika, ila mwalimu hakuwa ameonyeshwa vya kutosha namna ya kufundisha nazo, na shule nyingi hazikuwa na intaneti.

Hata Kenya hapa, kwenye kampeni za 2013 wanasiasa waliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, watoto walipewa tableti. Kila mara ni hadithi ile ile: mtu wa mbali anachagua mashine, halafu anatafuta wa kumpa. Mtumiaji anaulizwa mwisho, kama anaulizwa.

Mpango ule hata hivyo uliamsha wafanyabiashara. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC: kioo inchi 7, uzito chini ya kilo moja, nafasi ya kuhifadhi gigabaiti 4 tu. Iliuzwa kama maji. Miezi michache baadaye, Januari 2008, Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco akatoa MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi. Nayo ilikuwa nyepesi, kilo 1.36, lakini bei yake ilianzia dola 1,799. Kwa hiyo ndani ya miezi minne dunia ilipewa wepesi wa aina mbili: wepesi wa asiye na pesa na wepesi wa mwenye nazo.

Ule wa asiye na pesa haukudumu. Laptopu ndogo za namna ile zilijaa madukani miaka miwili mitatu, kisha watu wakazichoka. Kibodi ilikuwa finyu, kioo kidogo, ukifungua programu tatu mashine inaganda. Mwaka 2010 Apple walileta iPad, na kufikia mwanzo wa 2013 Asus na Acer walikuwa wameacha kuzitengeneza. Kwa hiyo anayesema "tununue tu za bei ya chini kabisa" ajue historia haiko upande wake. Kitu dhaifu sana ni ghali, kwa sababu utakinunua mara mbili.

Sasa turudi Kakuma na hesabu ya hapa. Laptopu kali za video na michezo nyingi zina kilo mbili na nusu na kupanda, na chaja zake hufika wati 180, hata 230. Ikifanya kazi nzito, mashine moja inaweza kula zaidi ya wati 100. Laptopu nyepesi ya kuandika na kusoma inatosheka na wati 15 hivi. Nne zikiwaka pamoja ni wati 60. Tuseme una paneli moja ya sola ya wati 100 na jua zuri la saa tano. Kwa hesabu ya karatasi unapata wati-saa 500, na kwa kweli ni chini ya hapo, maana betri na inveta vinakula sehemu yake. Laptopu kali itamaliza huo umeme ndani ya saa zisizozidi tano, akiwa amekaa mtu mmoja. Nne nyepesi zitaenda saa nane, wakiwa wamekaa watu wanne. Na anayenunua umeme wa jenereta kwa mfanyabiashara wa mtaani hahitaji kufundishwa hesabu hii, anaisoma kwenye malipo ya kila mwezi.

Kuna joto pia. Mashine yenye nguvu inajipoza kwa feni, na feni inavuta hewa. Hewa yetu mnaijua ilivyo na vumbi. Fundi anayeweza kufungua, kusafisha na kurudisha bila kuharibu yuko, lakini vipuri vya mashine kali mara nyingi vinangojwa kutoka Nairobi, na sisi hatutoki kambini kwenda Nairobi bila kibali.

Hapo ndipo uzito unakuwa na maana ambayo wale wa California hawakuifikiria. Kwao laptopu nyepesi ilikuwa ya mtu anayesafiri. Kwetu, mtu amezuiliwa, mashine ndiyo inatembea: leo Kakuma 1, kesho Kakuma 4, Jumamosi Kalobeyei kwa bodaboda. Na siku jina la mwenzetu likitoka kwenye orodha ya kuhamishiwa ng'ambo, ataondoka. Ikiwa ujuzi wote wa kikundi uko kwenye mashine moja na mtu mmoja anayeijua, siku hiyo tunabaki na kioo cheusi.

Katika mkutano wetu dada mmoja, mhariri wetu wa video, alisimama akasema jambo lililonyamazisha watu: "Kwani sisi kwa sababu ni wakimbizi, kila kitu lazima kiwe kidogo? Mgao mdogo, nyumba ndogo, sasa na kompyuta ndogo?" Hakuna aliyecheka. Ana haki. Yeye alijifunza kuhariri kwenye simu, na kazi anayoitafuta mtandaoni inataka mashine inayofungua video kubwa bila kuganda. Kumwambia atosheke ni kumfanyia kile walichofanyiwa watoto wa Peru: kumchagulia.

Lakini historia ina njia ya tatu, na hiyo ndiyo naitetea. Mwaka 1992, mwaka ule ule kambi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea vijana waliotembea kutoka Sudan, IBM walitoa ThinkPad 700C. Bei yake ilikuwa dola 4,350, mashine ya mabosi. Ukoo huo wa laptopu, ambao Lenovo wa China waliununua 2005, ulitengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisi: kibodi imara, na katika matoleo mengi kifuniko kinafunguka kwa bisibisi, unabadilisha memori, diski na betri. Ofisi za Ulaya hutumia laptopu za aina hii miaka michache, kisha huziuza. Zinakuja Nairobi na Mombasa, ndizo watu wanaziita ex-UK. Kwa maneno mengine, mashine kali ya jana ni mashine nafuu ya leo. Haing'ai, lakini haikuzaliwa dhaifu. Fundi wa hapa anaijua, na ukiongeza memori inahariri video ya kawaida. Polepole, ndiyo, lakini inamaliza.

Kwa hiyo nimependekeza kikundi kinunue tatu za namna hiyo, na pesa ya ile ya nne iingie kwenye memori, diski ya haraka na betri kwa moja kati ya tatu. Hiyo moja itakuwa ya video, na dada yetu ndiye ataichagua, si sisi wanaume tunaopenda kusema kwenye mikutano. Na yeye afundishe wengine wawili, ili siku akiondoka kazi isiondoke naye.

Kabla ya kulipa tuulize maswali manne tu: umeme utatoka wapi, nani ataitengeneza ikiharibika, nani atafundisha, na nani amechagua. Osborne alikosea kwa haraka, na wale wa dola 100 walikosea kwa kutouliza. Sisi hatuna pesa ya kurudia masomo waliyolipia wengine. Mkutano ni Jumapili saa tisa mchana. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, na aje na hesabu ya wati.