Kahawa kabla ya mazoezi

Kahawa kabla ya mazoezi ni desturi ya kunywa kahawa muda mfupi kabla ya mazoezi ya mwili au mashindano ya michezo kwa nia ya kuchelewesha uchovu na kuongeza ustahimilivu. Kinacholeta athari hiyo hasa ni kafeini, kemikali iliyomo pia katika majani ya chai, kakao, mbegu za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Utafiti wa zaidi ya miaka 100 umeonyesha kwamba kafeini husaidia kweli, hasa katika mbio ndefu, baiskeli na kupiga makasia. Hata hivyo faida yake ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani: kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 4 katika michezo ya kushindana na muda. Katika kunyanyua vitu vizito na michezo ya sekunde chache faida hiyo ni ndogo zaidi, na matokeo ya majaribio hutofautiana.

Namna inavyofanya kazi

Mtu anapokuwa macho na kufanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo wake. Adenosini hujishika kwenye vipokezi vya seli za neva na kuzituliza, na mtu huanza kuhisi uchovu na usingizi. Umbo la kafeini linafanana na la adenosini kiasi cha kuweza kukaa kwenye vipokezi hivyo bila kuziamuru seli zitulie. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa lakini hauzunguki: mlango haufunguki, na ufunguo halisi hauna pa kuingia.

Kwa hiyo kafeini haimpi mwanamichezo nguvu kama ugali au ndizi zinavyompa. Inapunguza jinsi ubongo unavyohisi ugumu wa kazi na maumivu ya misuli, na mtu huweza kuendelea kwa kasi ambayo vinginevyo angeiacha. Kikombe cha kahawa isiyo na sukari wala maziwa karibu hakina chakula chochote ndani yake, na aliyekunywa hicho tu asubuhi bado anakimbia na njaa.

Historia ya utafiti

Kafeini ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1819 na mwanakemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge. Mwaka 1907 W. H. R. Rivers na H. N. Webber wa Cambridge, Uingereza, walichapisha majaribio kuhusu kafeini na kazi ya misuli. Katika utafiti wake Rivers alihakikisha kwamba anayepimwa hajui kama amekunywa kafeini au kinywaji kingine chenye ladha ileile, utaratibu ambao leo ni wa lazima katika majaribio ya aina hii.

Jaribio lililowafanya wanamichezo wengi waijali kahawa lilifanywa na David Costill na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ball State, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1978. Waendesha baiskeli 9 walipewa kahawa yenye miligramu 330 za kafeini, na siku nyingine kahawa iliyoondolewa kafeini, kisha saa 1 baadaye wakaendesha mpaka wakashindwa kuendelea. Waliponywa kahawa yenye kafeini walidumu kwa wastani wa dakika 90.2, waliponywa ile nyingine, dakika 75.5. Costill alieleza kwamba kafeini huufanya mwili uchome mafuta zaidi na kuitunza akiba ya wanga iliyomo katika misuli. Maelezo hayo bado hurudiwa mara nyingi, lakini tafiti za baadaye hazikuyaunga mkono vya kutosha, na wataalamu wengi sasa hutaja zaidi kazi ya kafeini katika ubongo.

Kwa muda fulani ilidhaniwa kwamba kahawa yenyewe haifai kama kafeini safi. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1998 uliona kwamba wakimbiaji walidumu muda mrefu zaidi waliponywa vidonge vya kafeini, lakini si waliponywa kahawa yenye kiasi kilekile. Mwaka 2013 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walipata matokeo tofauti: kahawa na kafeini safi ziliwaongezea waendesha baiskeli kasi karibu sawasawa, kwa takriban asilimia 5. Jaribio la Coventry la mwaka 2018 lilionyesha kwamba wakimbiaji wa maili 1 walipunguza muda wao kwa asilimia 1.3 hivi baada ya kunywa kahawa. Asilimia hiyo ni kama sekunde 4, na katika mbio za maili sekunde 4 ni nyingi.

Kiasi kilichomo katika kikombe

Kiasi kinachopendekezwa katika tafiti nyingi ni miligramu 3 hadi 6 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mwili, takriban saa 1 kabla ya kuanza. Mtu wa kilo 60 angehitaji basi miligramu 180 hadi 360. Baadhi ya watu hunufaika hata kwa miligramu 2 kwa kilo. Kupita 6 hakuongezi faida, na kufikia 9 huleta madhara mengi.

Hesabu ni rahisi. Shida ni kwamba kikombe hakina lebo. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchujwa huhesabiwa kuwa na miligramu 95 hivi, na cha kahawa ya unga wa kuyeyuka takriban 60. Lakini robusta, inayolimwa sana Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na wingi wa unga na muda wa kuchemsha hubadilisha mambo zaidi. Watafiti wa Australia walipopima espreso 97 zilizonunuliwa madukani mwaka 2007, walipata kuanzia miligramu 25 hadi 214 kwa kikombe. Nchini Marekani, kahawa ya jina moja iliyonunuliwa duka moja kwa siku 6 ilikuwa na miligramu 259 siku moja na 564 siku nyingine. Anayetegemea kahawa ya dukani anaweza basi kunywa nusu ya alichokusudia, au mara mbili yake.

Si lazima kafeini itoke kwenye kahawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji mashuhuri wa Kenya ulikuta kwamba walikuwa wakinywa zaidi ya lita 1 ya chai ya maziwa kwa siku. Chai hiyo iliwapa pia sukari na maji, jambo ambalo kwa mkimbiaji lina uzito kuliko kafeini yake.

Tofauti kati ya watu

Kafeini huvunjwa na ini. Kwa wastani nusu yake huondoka mwilini baada ya saa 5 hivi, lakini muda huo ni mfupi kwa wavutaji sigara na mrefu kwa wajawazito na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Urithi nao una sehemu yake. Katika utafiti wa Toronto wa mwaka 2018 wanamichezo wenye aina moja ya jeni la CYP1A2 waliendesha baiskeli kwa kasi zaidi baada ya kafeini, na wachache wenye aina nyingine walienda polepole zaidi. Tafiti nyingine za jeni hilo hazikukubaliana na matokeo hayo. Kuhusu mazoea, jaribio la Brazil la mwaka 2017 lilionyesha kwamba hata wanywaji wakubwa wa kahawa hunufaika, hivyo hakuna haja ya kuiacha kwa siku kadhaa kabla ya mashindano na kuumwa kichwa bure.

Madhara

Kafeini ikizidi huleta mapigo ya haraka ya moyo, kutetemeka, wasiwasi na kichefuchefu. Kahawa pia huchochea utumbo, jambo ambalo wakimbiaji wa masafa marefu hulijua vizuri. Imani kwamba kahawa hukausha mwili imetiwa chumvi: kwa wanywaji wa kawaida, vikombe 4 kwa siku havikuleta tofauti na maji katika vipimo vya mwaka 2014.

Dhara linalosahaulika ni la usingizi. Miligramu 400 zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa 1 katika utafiti mmoja, na mwili hujijenga upya baada ya mazoezi wakati wa kulala. Mazoezi ya saa 12 jioni na kahawa havipatani.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikadiria mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, mjamzito 200, na mtoto au kijana miligramu 3 kwa kila kilo. Mwanafunzi wa kilo 50 hufikia kikomo cha siku nzima kwa miligramu 150, yaani kwa kile kiasi cha chini kinachopendekezwa kwa wanamichezo kabla ya mazoezi. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu anapaswa kumwona daktari kwanza.

Kafeini safi ya unga ni jambo la hatari tofauti kabisa. Kijiko 1 cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vijana kufa kwa kuutumia.

Katika kanuni za michezo

Kuanzia mwaka 1984 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliweka kikomo cha kafeini katika mkojo, ambacho mwaka uliofuata kilishushwa hadi mikrogramu 12 kwa mililita. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 Mwaustralia Alex Watson, mshindani wa pentathloni ya kisasa, alifukuzwa kwa kuvuka kikomo hicho. Tarehe 1 Januari 2004 kafeini iliondolewa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli duniani, WADA, limeendelea kuiweka katika orodha ya vitu vinavyofuatiliwa, bila adhabu kwa anayekutwa nayo.