Sauti za Ndugu: Akina Kinyonga wa Tanga na Wimbo wa Mapenzi Yaliyopotea, kwa Mtazamo wa Msikilizaji wa Kyimo

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata miji na bendi zake. Waandishi huanzia Dar es Salaam, hupita Morogoro kwa Mbaraka Mwinshehe, hugusa Tanga, kisha hurejea Dar es Salaam kuzieleza bendi za mashirika ya umma. Utaratibu huo una manufaa yake, ila humwacha nje mwanamuziki aliyevuka mpaka na asirudi. Insha hii inawahusu wanamuziki wa namna hiyo, ndugu wa baba mmoja Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waasisi wa Simba Wanyika. Hoja inayotetewa ni kwamba nyimbo zao za mapenzi yaliyopotea haziwezi kueleweka barabara zikitengwa na mambo mawili: uhamaji wao, na undugu wao wa damu.

Kyimo, wilayani Rungwe, inaingia katika insha hii kama mahali pa kusikilizia, si mahali pa kuzaliwa kwa muziki huo. Uteuzi huu unahitaji kutetewa, kwa kuwa hakuna bendi kubwa ya dansi inayotajwa kuwa imetoka Kyimo, na vijiji vyake viko mbali na pwani. Lakini ni vijiji vya barabarani. Njia kuu itokayo Uyole hupita hapo ikielekea Tukuyu na kushuka hadi Kasumulu mpakani mwa Malawi, na kwa vizazi kadhaa vijana wa Rungwe wameifuata kwenda kutafuta kazi. Katika miaka ya 1930 walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengine walifika kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine Afrika Kusini. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika muongo huohuo, waliikuta jamii ambayo tayari ilikuwa imezoea kuhesabu watu wasiokuwapo. Aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo hahitaji kufasiriwa wimbo wa mtu aliyeachwa.

Tanga nayo ilijengwa na wahamaji. Mkonge ulihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana mkoani, hivyo wenye mashamba waliwaleta manamba kutoka bara. Bendi ambayo akina Kinyonga walijiunga nayo mwaka 1966, Jamhuri Jazz, ilikuwa imeanza ikiitwa Young Nyamwezi, jina linalotosha kuonyesha nani walikuwa wakicheza na nani walikuwa wakichezewa. Mpinzani wake mkuu mjini humo alikuwa Atomic Jazz. Upinzani kati ya bendi hizo mbili umeandikwa zaidi kwa furaha ya mashabiki kuliko kwa umakini wa kihistoria. Jambo la maana hapa ni kwamba vijana hawa wawili walijifunza kazi katika mji ambao msikilizaji wake wa kawaida alikuwa mtu aliyeacha mke, mchumba au wazazi mahali pengine.

Mwaka 1970 waliondoka Tanga na kuunda Arusha Jazz huko Arusha, ambako ndugu wa tatu, William, aliungana nao. Mwaka 1971 walivuka kwenda Mombasa, na huko jina la Simba Wanyika likachukua nafasi ya lile la Arusha. Mwaka 1975 walihamia Nairobi. Kwa miaka mitano, basi, walihama mara tatu. Sababu ya kiuchumi haihitaji kutafutwa mbali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi nchini zilikuwa chini ya vyombo vya dola, jumuiya za chama na mashirika. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ndiyo iliyotoa kielelezo tangu mwaka 1964. Mwanamuziki alipata mshahara na vyombo, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo zake kwenye kanda. Santuri lakini zilipigwa Nairobi, ambako kampuni zilikuwa na studio, kiwanda na soko. Aliyetaka wimbo wake uwe sahani ya kuuzwa dukani alilazimika kutazama upande ule.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Wanahistoria wa uchumi wamelieleza tukio hili kwa lugha ya reli, ndege na madeni. Kwa mwanamuziki wa Tanga aliyekuwa Nairobi lilikuwa jambo la karibu zaidi: mwendo wa siku moja kwa basi uligeuka kuwa safari ya kuzunguka au ya kujificha. Santuri maarufu za akina Wanyika, yaani Simba Wanyika pamoja na matawi yake, zilirekodiwa kwa wingi katika kipindi hicho au mara tu baada yake. Haidaiwi hapa kwamba kila mpenzi anayelaumiwa katika nyimbo hizo ni nchi iliyofungiwa nyuma ya mpaka; usomaji wa namna hiyo ni mwepesi mno, na ungewashangaza waimbaji wenyewe. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, lakini kina uzito. Msamiati wa kuachana, wa barua zisizojibiwa, wa pesa iliyomharibu mpenzi, wa kuomba radhi kwa aliye mbali, ndio uliokuwa tayari kinywani mwa kila mhamaji, na mwimbaji aliyeutumia hakuwa na haja ya kusema anatoka wapi.

Chukua jina la wimbo wao mmoja, Mapenzi Yanivunja Mgongo. Kiswahili kina namna nyingi za kutaja maumivu ya mapenzi, na ushairi wa pwani umependelea zaidi moyo, ini na usingizi. Mgongo ni kiungo cha mchukuzi na cha mkata mkonge. Kuusema uchungu wa penzi kwa lugha ya kazi nzito ni kumhamisha mpenzi kutoka barazani na kumpeleka shambani, na mkulima wa chai au ndizi huko Rungwe, ambaye naye huijua kazi kwa mgongo, anaelewa mara moja.

Kuhusu undugu, mfano wa nje unasaidia. Katika milima ya Appalachia, Marekani, kulikuwa na desturi ya ndugu wawili kuimba pamoja, mmoja akishika sauti ya msingi na mwingine sauti ya juu yake, huku wakijisindikiza kwa vyombo vya nyuzi. Bill na Charlie Monroe waliimba hivyo kati ya mwaka 1934 na 1938, kabla Bill hajaunda kundi lililoupa mtindo wa bluugrasi jina lake. Carter na Ralph Stanley wa Virginia waliendeleza desturi hiyo hadi Carter alipofariki Desemba 1966, mwaka uleule ambao akina Kinyonga waliingia Jamhuri Jazz. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya mambo haya mawili, na sadfa ya tarehe isitwishwe mzigo usioustahili. Hata hivyo mazingira yanafanana: milima ya wakulima wadogo, vijana wanaokwenda migodini na viwandani, na nyimbo ambazo ndani yake mpenzi aliyepotea na nyumbani palipoachwa huombolezwa kwa maneno yaleyale.

Wanaosikiliza ndugu wakiimba hukiri kwamba sauti zao hushikana kwa namna ambayo wageni wawili huifikia kwa taabu. Matamshi ni ya nyumba moja, pumzi zinakatika mahali pamoja, na irabu zinafunguka sawa. Katika Simba Wanyika sifa hii husikika hasa katika sehemu ya kwanza ya wimbo, ile ya taratibu, ambamo maneno yote ya kisa husemwa kabla magitaa hayajaachiwa na wimbo kuingia katika chemko. Hapo ndipo lalamiko la mtu mmoja linaposemwa na watu wawili. Kwa Mnyakyusa jambo hili lina mwangwi wa pekee. Monica Wilson ameeleza kwamba katika desturi ya zamani urithi wa mtu ulimwendea kwanza ndugu yake wa tumbo moja, pamoja na mji wake na wajane wake, kabla ya kushuka kwa wanawe. Na kwamba, kinyume chake, starehe na mazungumzo, ukwangala, vilikuwa mambo ya marika walioishi kijiji kimoja. Ndugu ni wa mzigo, rika ni wa furaha. Bendi ya ndugu inachanganya vitu hivyo viwili, na huenda ndiyo sababu migogoro yake huwa mikali.

Migogoro ilikuja. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki muhimu, akiwamo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitoa na kuunda Les Wanyika, kundi ambalo baadaye, pamoja na John Ngereza, lilitoa Sina Makosa. Wimbo huo ni utetezi wa mtu anayechukiwa na mwanamume mwenzake kwa kosa asilolijua, wakati kila mmoja ana mwenzi wake nyumbani. Si wimbo wa kuachwa bali wa kushukiwa, na umevuma kuliko wowote wa bendi mama. Katika suala la umaarufu, tawi limelishinda shina. Mwaka 1980 George naye aliunda Orchestra Jobiso. Tukio hili lingetosha kuandikwa kuwa mwisho wa ushirikiano wa ndugu, lau George asingeendelea kurekodi na kupiga jukwaani na Simba Wanyika. Alitoka bila kuondoka. Waandishi wanaouhesabu mwaka 1980 kuwa mwaka wa mfarakano wanapaswa kueleza kwa nini sauti yake imo katika kazi za baadaye.

Swali la wapi pa kuwaweka ndugu hawa halijapata jibu la kuridhisha. Huko Kenya walibaki wageni, katika miongo ambayo wanamuziki wa kigeni walihitaji vibali vya kazi vilivyozidi kuwa vigumu kupatikana. Huku Tanzania hazina ya zilipendwa ilijengwa juu ya kanda za redio ya taifa, na aliyerekodi santuri Nairobi hakuwa na sehemu kubwa ndani yake. Mtafiti anayefanya kazi kwa kufuata kumbukumbu za taasisi atawakosa pande zote mbili. Atakayeanza na wasikilizaji, hata wale wa Kyimo ambako Kiswahili ni lugha ya pili kwa wazee wengi, atawakuta.

Santuri yao ya Pepea ilitolewa na kampuni ya Kameleon nchini Uholanzi mwaka 1992. George alifariki mwishoni mwa mwaka huo. Wilson aliiongoza bendi peke yake hadi alipofariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikavunjika.